Mgongo Umenyamaza

DADA: Haloo? Ni nani?

KAKA: Nani tena! Umeshafuta namba yangu?

DADA: Haloo? Ongea kwa nguvu, niko mashineni, nasaga—

KAKA: Kaka yako! Mtoto wa mama yako!

DADA: Aa, kaka! Shikamoo.

KAKA: Marahaba, Bi Kelele. Zima hiyo mashine, nina habari.

DADA: Siwezi kuzima, mahindi ya mtu yamo ndani. Ngoja nitoke nje. (mlango unabamizwa) Haya. Mgongo umeamkaje?

KAKA: Siusikii.

DADA: Hunisikii? Ngoja nisogee—

KAKA: Wewe nakusikia vizuri. Mgongo ndio siusikii! Umenyamaza, mdogo wangu. Tangu alfajiri, kimya. Miaka yote hii nalala nao, naamka nao, kama mke wa pili. Leo kaondoka bila talaka.

DADA: (anacheka) Mwache aende, na mahari usidai.

KAKA: Unajua niko wapi?

DADA: Kitandani, utakuwa wapi.

KAKA: Kitandani! Niko uwanja wa mpira, juu kabisa, ngazi ya mwisho. Wenzangu wa mazoezi ya viungo wako chini huko wanazunguka kiwanja, nawaona wadogo kama siafu.

DADA: Umepanda na fimbo?

KAKA: Fimbo nimeigawa.

DADA: Umei— nini?

KAKA: Nimempa yule tarishi mstaafu, mwenye goti bovu. Nimemwambia shika, mwenzio nimehitimu.

DADA: Kocha anajua?

KAKA: Kocha yuko na wale wapya, anawafundisha kukaa na kuinuka kwenye benchi. Utoto ule nilishaupita.

DADA: Utoto ule ndio uliokutoa kitandani. Ulikuwa unafungwa kamba za viatu na mkeo.

KAKA: Sijakataa! Kocha kanifunza vizuri, yule mama. Taratibu, pumua, ukiumwa punguza, kesho ongeza kidogo. Nimemfuata kama mtoto wa chekechea. Sasa nimepona, unataka nilie?

DADA: Mgongo wa miaka yote unaponaje kwa usiku mmoja? Jana— (mkwaruzo)

KAKA: Haloo?

DADA: Nasema, jana ulifanya nini?

KAKA: Jana? Si kitu. Mazoezi kidogo.

DADA: Mazoezi gani?

KAKA: Si pale kwa jirani wanajenga ukuta. Vijana wazima, mfuko mmoja wa saruji wanaubeba wawili wawili, utadhani wanazika. Nikawaambia pisheni, mwashi apite.

DADA: Kaka.

KAKA: Mmoja tu! Mpaka begani! Wakanipigia makofi.

DADA: Na mgongo?

KAKA: Ulilia. Kach! Kidogo tu. Usiku ukanikaba, sikufichi, sikulala. Halafu alfajiri, shwari. Umekaza. Zege likishakaza haliumi.

DADA: Zege halina damu. Kimya kingi kina mshindo.

KAKA: Haya, umeanza.

DADA: Miguu je?

KAKA: Miguu ipo.

DADA: Sikuuliza kama ipo.

KAKA: Mizito kidogo. Imelala lala. Huu wa kushoto ngazi za mwisho ulikuwa unaburuza, nikaushika kwa suruali nikaupandisha.

DADA: Umeupandisha mguu kwa mkono.

KAKA: Nimeusaidia tu!

DADA: Kocha alisema nini kuhusu ganzi? Mimi nilikuwepo. Nilikusindikiza siku ile ya kwanza.

KAKA: Alisema mengi.

DADA: Alisema maumivu utaishi nayo, utayazunguka, utayapigia hodi kila asubuhi. Lakini ganzi—

KAKA: Simama, ita mtu. Najua! Nikimwita atanishusha. Halafu hospitali. Halafu lala chali, usiinuke, tusubiri kipimo. Ile dari ya chumbani kwangu nimeitazama mpaka najua kila ufa, na niliipiga plasta mwenyewe. Sirudi kule. Bora—

DADA: Usimalizie.

KAKA: Juzi nimembeba mjukuu. Mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi. Hakuna aliyenishika kiwiko. Unajua raha yake?

DADA: Najua. Nilikuona. Nilikimbilia jikoni kulia. Ndiyo maana nakwambia— (sauti: Mama, unga wangu!) Subiri hapo, nina mgonjwa kwenye simu!

KAKA: Mgonjwa nani?

DADA: Sikio la kufa halisikii dawa, kaka. Toba! Sikutaka kusema hivyo.

KAKA: Umeshasema.

DADA: Umekaa au umesimama?

KAKA: Nimekaa. Kwenye saruji. Saa hizi huwa ya baridi mpaka unaruka.

DADA: Huwa?

KAKA: Leo siisikii. Hapa ninapokalia... kama nimekalia mto. Haloo? Umekatika?

DADA: Nipo. Endelea.

KAKA: Na hii chupa nayo imenimwagikia. Suruali yote chepechepe.

DADA: Chupa gani?

KAKA: Ya maji. Iko hapa pembeni yangu.

DADA: Ishike. Kifuniko kimefungwa?

KAKA: Ya nini sasa—

DADA: Ishike, kaka.

KAKA: Ngoja.

DADA: Kaka!

KAKA: Kimefungwa.

DADA: Haya.

KAKA: Na imejaa.

DADA: Haya. Nisikilize.

KAKA: Mimi ni mtu mzima, mdogo wangu.

DADA: Hakuna aliyekuona.

KAKA: Sikusikia kitu. Hata joto lake.

DADA: Nisikilize baba yangu, tafadhali. Usisimame. Usishuke hata ngazi moja. Tulia hapo hapo ulipo.

KAKA: Baba alianza hivi hivi.

DADA: Baba hakuwa na simu.

KAKA: Alisema mgongo umenyamaza. Alicheka, akaomba chai. Jioni—

DADA: Jioni tulisema tungoje kesho. Leo hatungoji. Mwite Kocha!

KAKA: Kile kiti chake cha magurudumu bado kipo stoo kwako?

DADA: Usiniulize hayo! Ita!

KAKA: (kwa mbali) Kocha! Koochaa! ... Hawasikii. Wamefungulia muziki.

DADA: Vua shati, punga!

KAKA: Napunga. Yule tarishi ameniona.

DADA: Afadhali!

KAKA: Naye ananipungia. Kwa fimbo yangu. Anacheka, yule mjinga.

DADA: Usiache! Punga kwa mikono yote!

KAKA: Napunga... Sasa hacheki. Anamvuta Kocha mkono. Kocha anatazama huku.

DADA: Asante Mungu.

KAKA: Simu inalia lia, salio linaisha.

DADA: Usikate. Mimi sina hata la kubipu, na nikikimbilia dukani nitakuacha peke yako.

KAKA: Usiende.

DADA: Siendi popote. Kocha yuko wapi?

KAKA: Anapanda. Mbio, ngazi mbili mbili. Sijawahi kumwona akikimbia. Huwa anatukataza.

DADA: Akifika mwambie yote. Saruji, kach, ganzi, mkojo. Mwambie hospitali sasa hivi. Na wasikutembeze, wakubebe.

KAKA: Na mkojo?

DADA: Mkojo ndio wa kwanza!

KAKA: Mbele ya mwanamke—

DADA: Kaka, aibu utaifua na suruali! Miguu haifuliwi!

KAKA: Naogopa.

DADA: Hata mimi naogopa.

KAKA: Kafika. Kapiga magoti... Ni dada yangu, Kocha, tunaongea naye. Ndiyo. Tangu alfajiri. Saruji, jana. Ndiyo, mfuko mzima. Hapana, si maji. Ni mkojo.

DADA: Anasemaje?

KAKA: Hajasema kitu. Anampigia kelele tarishi aite gari, lisimame getini.

DADA: Vizuri. Hilo ndilo tunalotaka.

KAKA: Hajanigombeza. Mdogo wangu, mbona hajanigombeza?

DADA: Atakugombeza ukipona.

KAKA: Ananivua kiatu. Na soksi. Anasema nifumbe macho, nimwambie kila anaponigusa.

DADA: Fumba.

KAKA: Nimefumba.

DADA: Amegusa wapi?

KAKA: Hajaanza.

DADA: Tulia. Pumua kama alivyokufundisha.

KAKA: Napumua.

DADA: Bado?

KAKA: Hajaanza bado. Sijui anangoja nini.

DADA: Kaka... fumbua. Tazama. Umefumbua?

KAKA: Anaminya.

DADA: Wapi?

KAKA: Kidole gumba. Namwona anaminya. Anaminya mpaka kucha zake zimepau—

DADA: Kaka? (tuu, tuu, tuu) Unasikia? Kaka, unasikia?