Mzee Ildefonce na Mkono Uliokosa Mazishi

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali hii, Mzee Ildefonce anastaafu tarehe 30 Juni. Wauguzi wameniomba niandike kwa niaba ya wagonjwa, nami nimeona ni heshima kubwa.

Kazi yake ni kukata vinyama vya wagonjwa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, ili daktari avitazame kwa darubini. Wenzake wanasema mazoea hayo ameyapeleka hadi nyumbani: ukiuinua mkate wake wa chai, unakiona kilele cha Kibo upande wa pili.

Mwaka jana mama yangu, Zita, aliota uvimbe kwenye ngozi ya mkono wa kulia. Ulikua kwa wiki tatu tu. Kwenye darubini ulifanana na saratani ya nyama laini, tukaambiwa huenda mkono ukakatwa. Mzee Ildefonce hakuridhika. Uvimbe wenye haraka hivyo, alisema, uulizwe kwanza jeni zake. Daktari akakubali, kinyama kikatumwa kupimwa.

Sisi wa Kirua Vunjo hatukusubiri. Ukoo uliunda kamati ya mazishi ya mkono. Baba mkubwa Kastori, mwenyekiti, alichimbisha kaburi fupi kihambani, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Fundi wa Kiboriloni alileta jeneza la urefu wa rula mbili. Mjomba Primus, kaka yake mama, akapinga.

“Shemeji, mkono huu ulikuja kwenu kuolewa, haukuja kuzikwa! Unarudi kwetu.”

“Na kahawa yetu iliyochumwa na mkono huo miaka ishirini, nayo mtaibeba?” Baba mkubwa akamjibu.

Mama alikuwa palepale, akiwamiminia mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mkono huohuo.

Daktari alipiga simu, lakini kwa kelele zile haikusikika. Mzee Ildefonce akapanda mlimani mwenyewe na majibu. Jeni mbili zilikuwa zimekatika na kuungana, na hiyo ndiyo alama ya uvimbe usio saratani, unaokua haraka kisha ukanywea wenyewe. Mkono haukatwi.

Baba mkubwa akauliza, “Sasa mzee, mbege ya matanga tuifanyeje?”

“Inyweni tu. Marehemu amekataa kufa.”

Baada ya miezi miwili uvimbe ulitoweka. Jenezani sasa anataga kuku.

Asante sana, Mzee Ildefonce. Maneno ya mwisho ameyaandika mama, kwa mkono wake wa kulia:

Mzee wangu, siku zako za nyumbani ziwe ndefu na tamu. Ukipita Kirua, ingia ule mtori. Ndizi nitazimenya mwenyewe.