Marehemu Muhanna bin Saud na Boti za Doria za Masira

Assalaamu alaykum wazee wetu na ndugu zetu mliofika hapa sablani, ukumbi wa kijiji chetu cha Birkat al Mauz, siku hii ya tatu ya matanga, mimi ni Nizar, mtoto wa kaka yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya ami yangu.

Muhanna bin Saud alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 14 Machi 1955, akaanza skuli hukohuko, na mwaka 1972 akaja Oman pamoja na wazazi wake, Kiarabu chake kikiwa bado cha kubabaika, akamaliza masomo Maskati mwaka 1976, akaajiriwa serikalini na kupelekwa Sur, katika ofisi iliyoshughulikia mambo ya pwani.

Huko Sur, tarehe 9 Oktoba 1981, alimuoa Bi Badriya binti Khalifa, wa ukoo wa mabaharia, wakajaaliwa watoto wawili, Wiam na Mazoon, aliowalea kwa Kiswahili mpaka wenzao skuli wakawacheka.

Mwaka 2011 aliteuliwa mwenyekiti wa kamati ya watu watatu, iliyotakiwa kushauri kama boti mbili za doria zilizokuwa kisiwani Masira zibakie huko au zirudishwe Sur, naye akakaa kisiwani siku tano, akaona magendo yamekwisha, injini zimechakaa na mabaharia wanashinda bure, akashauri zirudishwe zote mbili, zikaondoka Aprili 2012.

Julai ya mwaka huohuo mashua ya nahodha Adham, mvuvi wa Masira, ilipinduka bahari ikiwa imechafuka, msaada ukatoka Sur, ukafika baada ya kupita muda wa saa kumi na moja, na katika watu watano wawili walikuwa wameshakufa maji, mmoja wao mdogo wake Adham.

Ami alikwenda mwenyewe matangani, na Adham akamuuliza mbele ya watu, "Shekhe Muhanna, ulijua kutoka Sur mpaka hapa ni saa ngapi?"

Ami akamjibu, "Nilijua, na niliandika kwa mkono wangu, lakini nilizihesabu kwa bahari tulivu."

Adham akamsogezea kahawa.

Aliporudi Sur aliandika ripoti ya pili, ambayo hakuna aliyemuomba, na neno lake la kwanza lilikuwa "Nilikosea", wenzake wakamsihi asiipeleke, wakamwambia amebakiza miaka mitatu tu astaafu, na ajali ni kadari ya Mungu, naye akawajibu, "Kadari ni ya Mungu, ripoti ni yangu."

Alivuliwa uwenyekiti, akahamishiwa Nizwa kwenye chumba cha majalada, Bi Badriya akaacha nyumba na ndugu zake Sur akamfuata, na Machi 2013 boti moja ikarudishwa Masira, moja tu, naye akaendelea kuandika barua za kuiombea ile boti ya pili irudi mpaka alipostaafu mwaka 2015.

Baada ya hapo alihamia hapa kijijini, akapanda migomba, akawa mkali kwa kila aliyekata jani bila ya ruhusa, hata mwaka 2022 figo zikaanza kumsumbua, akawa anakwenda Nizwa mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, wala hakulalamika ila kwa chakula kisicho chumvi, na mwezi uliopita alituita, akatuusia historia yake isomwe bila ya kupambwa, na kila atakayemuombea dua yeye, awaombee na Hud na Thuwaini, wale wawili waliofia baharini.

Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Badriya, akazikwa alasiri ya siku hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nizwa kwa subira yao, majirani waliomwagilia migomba yake kwa zamu zao wenyewe za maji ya falaji, mfereji wa kijiji, na wafanyakazi wenzake wa Sur, wakiwamo wale waliomkataza, ambao wote wamekuja.

Ami Muhanna, Mola akusamehe ulipokosea, na atupe na sisi ulimi wa kusema tulipokosea, pumzika kwa amani.