Petroli ya Lutuku Kwenye Barabara ya Puta

Asifiwe Bwana, ndugu zangu wa Kashikishi, na ninyi mliovuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo! Mimi ni Mama Mujinga, muuza samaki. Leo nasimama kwa furaha!

Tangu vita ya kwetu Kongo, petroli ilikuwa shida. Mume wangu, Ilunga, alinunua ya madumu kwa mutu mmoja wa Puta. Hatukujua kwamba mutu yule anaichanganya na lutuku, ile pombe kali ya muhogo. Kamionete yetu, ile pikapu ya kubebea samaki, ikaanza kuugua. Asubuhi inakataa kuwaka. Taa ya injini haizimi. Barabarani inakohoa, inakufa, inafufuka. Watu wakasema tumerogwa! Nilikataa. Nikaomba tu.

Siku moja tukiwa Puta, binti yetu Mujinga akashikwa na uchungu wa kuzaa. Tukamlaza nyuma kwenye godoro, nikampakata kichwa, tukakimbilia hospitali. Katikati ya njia injini ikazima kabisa! Ndugu zangu, nililia. "Mungu, hapa? Porini?"

Ilunga akafungua boneti, akapiga kelele: "Mama, shusha mutoto! Esanse inamwangika!" Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka, petroli inadondokea chuma cha moto. Tukambeba Mujinga hadi kwenye shamba la muhogo. Hatujamlaza vizuri, moto ukalipuka puu!

Mama mmoja wa kabila la Wabemba aliyekuwa akilima alitupa jembe, akaja mbio. "Mwitina, mayo! Usiogope!" Ilunga anamwagia moto mchanga, sisi tunapokea mutoto. Akalia! Mutoto mwanaume!

Baadaye fundi alitazama vilivyosalia. "Pombe njo ilikula hii mipira, mama. Shika, imelegea. Tena inavutaka maji, tangi inaota kutu. Na hiki kidude cha kupima moshi ku ekzozi kilikufa. Njo maana taa ilikuwa inawaka."

Nikamuuliza, "Na kama injini isingezima?"

Akasema, "Moto ingewakuta mu mbio, mama. Mungeungua bote."

Ndugu zangu, mimi nililia pale pale ambapo Mungu alikuwa anatuokoa! Wewe ambaye njia yako imekatika leo, usimkasirikie. Mutegemee. Na petroli yako, nusa kwanza kabla ya kumwaga kwenye tangi!

Gari hatuna tena. Lakini mutazame kule nyuma: Mujinga amekaa, ananyonyesha. Simameni tumushukuru Bwana!