Wasifu wa Bi. Vernell Moseley, Aliyehesabu Vyoo Kabla ya Kuomba Zabuni

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 18 Mei 2024, ni Bi. Vernell Hatcher Moseley, mwanzilishi wa kampuni ya Usafi ya Moseley hapa Selma, na mama yangu. Mimi ninayesoma ni Lucretia, mtoto wake wa pekee. Kurasa mlizonazo mkononi zilichapwa Jumatano. Katikati yake mtakuta karatasi ya njano imebanwa kwa pini. Hiyo niliiandika jana, na nitaisoma mwisho. Naomba mnivumilie mpaka nifike huko.

Bi. Vernell alizaliwa tarehe 11 Machi 1953 huko Orrville, Kaunti ya Dallas, jimbo la Alabama. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Ezekiel Hatcher na marehemu Bi. Lula, wakulima wa pamba. Alizaliwa nyumbani, mvua ikimwagika, na mkunga akachelewa kufika. Mwenyewe alikuwa akisema hiyo ndiyo siku pekee maishani mwake aliyomngoja mtu aliyechelewa bila kumgombeza.

Alisoma Orrville, kisha Selma, akamaliza sekondari Mei 1971. Mwaka 1965 alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliyoyaona mjini hapa mwaka ule wa maandamano ya haki ya kupiga kura alipenda kuyasimulia mwenyewe, kwa hiyo siyasemi kwa niaba yake. Hesabu alizipenda kuliko masomo yote. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba majibu ya Vernell ni sahihi ila ana mdomo, na ripoti hiyo aliitia fremu na kuitundika jikoni, ambako ipo mpaka leo.

Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na Bw. Roosevelt Moseley, dereva wa lori la magogo, katika kanisa hili hili. Marehemu baba alisimulia kila Krismasi namna alivyoposa. Alipiga goti kwenye kibaraza cha Mzee Hatcher, na binti akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Kabla yangu ulikuwa na nani?" akamwuliza.

"Na Bernadine wa Safford."

"Na kwa nini alikuacha?"

"Vernell, mimi nimepiga goti hapa, wewe unafanya usaili?"

"Inuka basi, goti lisiumie bure. Nitakujibu Jumapili."

Jumapili alijibu ndiyo, baada ya kwenda Safford kumwuliza Bernadine. Waliishi pamoja miaka thelathini na sita, hadi baba alipofariki tarehe 4 Oktoba 2009.

Kwa miaka ishirini na mitano Bi. Vernell alifagia na kupiga deki katika ofisi za jimbo. Kila baada ya miaka mitatu walibadilishiwa mashati, kwa sababu kampuni yenye mkataba ilibadilika, lakini wanawake walioshika matambara walikuwa wale wale. Siku moja mwaka 1998 akamwuliza msimamizi, kampuni hizi zinaipataje kazi. Yule bwana akacheka. "Zinasoma matangazo, Vernell. Jimbo linatangaza zabuni, mwenye bei ya chini anapewa. Siyo siri." Mama alisema ile "siyo siri" ilimuuma kuliko tusi. Matangazo yalikuwa pale siku zote, yamebandikwa ukutani, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiyafuta vumbi.

Basi akaanza kusoma. Kwanza maktabani, halafu kwenye kompyuta ya kanisa, halafu kwenye simu yake, kila asubuhi akinywa kahawa, ukurasa wa manunuzi wa jimbo kutoka juu mpaka chini. Zabuni yake ya kwanza, mwaka 1999, aliifikisha Montgomery dakika moja baada ya saa nane mchana, saa ya mwisho ya kupokea. Karani hakuipokea. Alitoka akalia ndani ya gari, akafuta uso, akarudi akaketi mstari wa mbele kwenye chumba ambamo bahasha hufunguliwa na bei kusomwa, na kalamu mkononi.

"Mama, yako haimo," karani akamwambia.

"Najua. Bahasha yangu mmeikataa. Masikio yangu nayo mtayatoa nje?"

Akaandika bei ya kila mshindani ilivyosomwa. Mwaka uliofuata alijua wanavyofikiri wote, na akapata mkataba wake wa kwanza: jengo moja, ghorofa moja, wafanyakazi watatu, mmoja wao yeye.

Mliofanya naye kazi mnaijua penseli yake nyekundu. Hakuna tangazo alilolikubali kabla ya kujibu maswali matatu juu ya karatasi yenyewe. La kwanza: nani anaishika kazi hii sasa, na kwa nini anaiacha? La pili: je, tumelitembea jengo kwa miguu yetu? La tatu: nani watafagia? Hapo alitaka majina. Idadi haikumtosha. Alikuwa akisema mtu asiyejua ni nani atakayefagia hajaomba kazi, ameomba balaa. Katika matangazo kumi, tisa aliyaandika HAPANA, na mimi niliyetaka tukue haraka niligombana naye kwa ajili ya karibu kila moja.

Mwaka 2016 lilitoka tangazo kubwa Montgomery, majengo matano, na nyaraka zikasema vyoo ni arobaini. Nilishaanza kuota magari mapya. Yeye akaniburuta kukagua, na tukahesabu vyoo sitini na kimoja.

"Labda wamekosea kuandika tu, Mama."

"Vyoo ishirini na kimoja? Hivyo hatavisafisha aliyekosea kuandika. Atavisafisha Ozella wetu na mgongo wake ule mbovu."

Akaandika HAPANA. Aliyeshinda alitoka mbali, na baada ya miezi minne alitoroka, wafanyakazi wake wakabaki wanagonga milango ya wanasheria. Sisi tuliendelea na ofisi zetu nne za Selma tulizozishika tangu 2012. Kwa ajili ya ofisi hizo nne, watu kumi na tisa wa mji huu wamepata kula, na mji huu hauna kazi za kuchagua.

Mnamo Novemba 2023 Bi. Vernell aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kuja kazini hadi Machi. Ijumaa tarehe 3 Mei alianguka jikoni, akalazwa, na hakutoka tena. Alifariki Jumapili tarehe 12 Mei 2024, saa tatu asubuhi, Siku ya Akina Mama, dada yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja.

Kurasa zilizochapwa zinaishia hapo, na chini yake kuna majina ya waliobaki. Sasa nasoma karatasi ya njano.

Nyote mnajua mkataba wa ofisi zetu nne unakwisha tarehe 30 Juni, na kwamba jimbo liliutangaza upya. Zabuni ile ilifunguliwa Jumanne tarehe 7 Mei. Kesho yake, Jumatano, nikawaambia ninyi wafanyakazi tumeshinda. Mkapiga makofi, Bi. Ozella akalia, na wawili kati yenu wakaniambia wamesaini upya mikataba ya nyumba zao. Mpo hapo mstari wa tatu, mmevaa mashati ya bluu kwa heshima yake. Nilichowaambia hakikuwa kweli.

Jimbo likishatangaza zabuni, linaweza kubadilisha jambo na kutoa nyongeza. Kila nyongeza ina karatasi ya kusaini, na usiposaini yoyote kati yake, bahasha yako inatupwa hata kama bei yako ndiyo bora. Mama alikagua nyongeza kila asubuhi mpaka asubuhi ya ufunguzi wenyewe. Kazi hiyo alikuwa amenikabidhi mimi. Nyongeza ya kwanza niliisaini. Ya pili ilitoka Ijumaa tarehe 3 Mei alasiri, wakati mimi nimekaa kwenye korido ya hospitali nangoja daktari. Ilihusu madirisha ya jengo moja, basi. Sikuangalia Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumatatu.

Jumanne kule Montgomery walisoma bei tano, na yetu ndiyo ilikuwa ya chini. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu karani aliponitazama juu ya miwani.

"Dada, nyongeza namba mbili siioni humu."

"Namba mbili ipi?"

Akanionea huruma, nikaiona hiyo huruma, na nikajua tumekwisha. Nikatoka hadi kwenye maegesho nikampigia mama, kwa sababu nilimwahidi kumpigia.

"Mama, sisi ndio wa chini! Tumewashinda wote."

"Wameleta wangapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Watano."

"Na nyongeza umesaini?"

"Zote, Mama."

"Haya, mwanangu. Endesha polepole."

Nilidanganya. Nilijiambia nitakata rufaa, nitapiga magoti mbele ya mtu, na kwamba mgonjwa hastahili kuambiwa habari kama ile. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nimekuwa mkurugenzi msaidizi kwa miaka kumi na nikaiangusha kampuni kwa saini moja. Barua ya kutukataa ilifika Jumanne, siku mbili baada ya yeye kufariki. Hata hivyo Jumatano nikapeleka wasifu huu kuchapwa bila kuitaja. Nilikusudia tumzike kwanza, tule chakula ambacho akina mama wa kanisa wamepika, halafu niondoke mjini kimya kimya. Ndugu zangu, niliwaza hata hilo.

Alhamisi mama mdogo Zenobia alikuja na mfuko wa vitu vya hospitalini: vitambaa vyake vya kichwa, miwani, na daftari. Nilimwona hanitazami usoni.

"Dada yangu alinituma kitu cha ajabu," akasema. "Ijumaa ile, siku mbili kabla hajatutoka, ananiambia, Zenobia, nenda Marion ukahesabu vyoo. Nikajua dawa zimempanda kichwani! Nikamwambia, Vernell, mimi nikuache hapa niende kuchungulia vyoo vya serikali? Akanitolea yale macho. Nikaenda."

"Ukahesabu?"

"Kumi na viwili. Na kimoja hakivuti maji. Wakanipa karatasi ya mahudhurio ya waliokuja kukagua jengo nisaini, nikaandika jina la kampuni kama alivyoniagiza. Sasa usiniulize zaidi, fungua daftari."

Ukurasa una tarehe 8 Mei, penseli nyekundu, mwandiko umelegea lakini unasomeka. Nausoma kama ulivyo: "Nyongeza ya pili iko kwenye ukurasa wa jimbo, na uamuzi pia. Lucretia hakusaini. Asiulizwe, ameshaumia. Kubwa imekwenda. Tafuta ndogo."

Alijua. Kwa siku nne alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula, na hakusema neno. Siku hizo hizo, katikati ya maumivu ambayo wauguzi wenyewe walishindwa kuyatazama, alikuwa akisoma matangazo kwenye simu. Alikataa sita. Yapo daftarini, HAPANA, HAPANA, na sababu ya kila moja. La saba ni jengo la ofisi za jimbo huko Marion, Kaunti ya Perry. Bahasha inatakiwa Montgomery Jumanne hii, tarehe 21 Mei, saa nane mchana.

Chini yake ameandika maswali yake matatu na kuyajibu. Nani anaishika na kwa nini anaiacha: mzee wa Uniontown, anastaafu, amempigia mwenyewe kuhakikisha. Tumelitembea: Zenobia, vyoo kumi na viwili. Nani watafagia: ameandika majina saba.

Sisi ni watu kumi na tisa, na mimi wa ishirini. Marion inatosha watu saba tu, na hata hiyo hatujaipata. Majina hayo siyasomi hapa kanisani. Leo jioni na kesho nitafika kwenye kila nyumba, ya aliyemo na ya asiyemo, nimtazame mtu machoni na kumweleza kilichotokea na nani aliyesababisha. Kwa wale wasiomo sina la kuwapa. Nimetafuta kila mahali, na sina. Mkinifukuza mlangoni mtakuwa na haki.

Jina moja tu nitalisoma, la mwisho katika orodha, kwa sababu ni langu. Hakuniandika mkurugenzi msaidizi. Ameandika: "Lucretia: vyoo vyote, mpaka azijue kazi za watu."

Bi. Vernell ameacha binti mmoja, Lucretia. Wajukuu wawili, Desmond na Imani. Dada zake, Zenobia Hatcher na Corinne Hatcher Boykin. Kaka yake, Thaddeus Hatcher wa Detroit. Na wafanyakazi kumi na tisa aliowaita watoto wake, ambao kuanzia leo wanaujua ukweli. Mungu ampe pumziko ambalo hakuwahi kujipa mwenyewe.

Karatasi hii ya njano ni nyongeza ya wasifu wake. Nimeisoma yote, na nimeisaini.

Lucretia Moseley, vyoo.