Mama Leokadia Kokushubila, Msuka Mikeka ya Kijapani

Wazee wetu, majirani, ndugu wote mliofika, mimi ni Kemilembe, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwaeleze maisha ya mama yetu tunayemsindikiza leo.

Mama Leokadia Kokushubila alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 katika kijiji cha Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Felisiani Kabyemera na Mama Anisia, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, na shangazi yake akamfundisha kusuka mikeka ya ukindu. Mwaka 1979 alihitimu chuo cha ualimu, akafundisha maarifa ya nyumbani kwa miaka ishirini.

Tarehe 18 Juni 1983 alifunga ndoa na Projestus Rwezaura, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1999 sote tulihamia Toronto, tukapanga ghorofa ya kumi na nne pale St. James Town. Cheti chake cha ualimu hakikutambuliwa, akawa mhudumu wa wazee majumbani, na mmoja wao, Bi Sumie, bibi wa Kijapani, alikuwa na chumba kilichotandikwa tatami, yaani mikeka minene ya majani yaitwayo igusa, nayo ilikuwa imechakaa. Mama akaomba sindano na uzi. Kwa miaka minne Bi Sumie alimwelekeza, kwa mikono kuliko maneno, namna ya kufumua pindo, kugeuza upande usiochakaa, na kushona upya.

Ujuzi huo ulimpatia kazi mwaka 2006 katika karakana moja ya samani za kisasa, akitengeneza mabenchi ya igusa na taa za washi, karatasi ya magome ya mti. Baba alitutoka mwaka 2011. Oktoba 2015, karakana ilianza kutumia nyuzi za plastiki zenye rangi ya majani, huku ikiuza kwa jina lile lile, na mteja mmoja, Bi Tahera wa Unionville, mzaliwa wa Arusha, alipomsikia mama akiongea Kiswahili kwenye simu, alimwuliza, "Dada, niambie ukweli, haya ni majani?"

"Hapana, dada yangu, ni plastiki."

Bosi hakujua Kiswahili, ila neno la mwisho alilielewa.

Mama alifukuzwa wiki hiyo, akafunga maboksi ghalani Rexdale kwa miaka miwili, na sitaficha, nilimlaumu, nikamwambia angenyamaza tu. Mwaka 2017 Bi Tahera, aliyekuwa akimtafuta muda wote huo, alimpata kupitia kanisa letu, akampa gereji yake iwe karakana, na hadi mwaka jana wanawake sita walikuwa wakisuka humo.

Mei 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki mbili kabla ya kifo chake, dada Thacienne, mwenzake kazini, alimletea kitandani benchi la mwisho alikague, naye akapitisha kidole, akasema, "Hapa pamepinda, fumua." Thacienne akamwambia kwamba mteja hataona. Mama akasema, "Mimi nimeona."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, akiwa na miaka sitini na saba, ameacha watoto watatu na wajukuu wanne, aliowasemesha Kiswahili wakamjibu kwa Kiingereza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa ya kumi na nne mliotupikia, Bi Tahera na familia yake, na akina mama wa karakana.

Lala salama, Mama. Tumefumua, tumesuka upya, na sasa pamenyooka.