Msiwashe Kabla ya Sauti ya Mwisho

Sogeza hicho kiti, dada, usiogope bandeji, anayenuka ni mimi wala si wewe. Na wewe kaka, acha kuchungulia dirishani kama vile lori lako litaota miguu, kaa hapa mnisikilize mpaka mwisho, maana leo kitinda mimba ndiye mzee. Chekeni tu. Nina miaka ishirini na saba, shule niliiacha darasa la tano bila hata kufukuzwa, na bado kule kwetu mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti, fundi wa mapaa, mchimba makaburi na msuluhishi wa ndoa, kwa sababu ndoa yenyewe ilibaki moja, ya bibi jirani na mumewe asiyeona. Zaidi yao, mrina asali na mimi. Kijiji kizima hicho, kinatosha kwenye benchi moja la hapa wodini.

Daktari anasema nipumzike, lakini macho yake yanasema jingine. Basi kaka, wewe uliyemaliza shule, chukua kalamu uandike ninavyosema, usininyooshee maneno.

Mnakumbuka baba alivyokuwa akichoma ukingo wa mashamba, ili moto wa kiangazi ukija usikute cha kula. Mvua ikikatika tu, nyasi zikiwa bado na unyevu, asubuhi umande haujakauka, watu arobaini wanajipanga na matawi mabichi kati ya mashamba na msitu, kila nyumba kipande chake, halafu baba anaita, "Nani yupo?" na wa kwanza anajibu "Nipo", na wa pili, na wa tatu, hivyo hivyo mpaka seremala kule kijitoni, ambaye "nipo" yake ilitufikia nyembamba kama ya mbu. Kabla ya hiyo, baba hakugusa kiberiti. Mimi nilikuwa nikimcheka, naona anapoteza muda.

Kisha mkaondoka. Sikulaumu, dada, cherehani yako isingepata nguo za kushona kule. Seremala akawafuata wanawe, shule ikafungwa ilipobaki na watoto sita, na kila aliyefunga mlango aliacha shamba nyuma yake. Mjini nasikia mnasema watu wakihama msitu unapumzika. Nani kawadanganya? Ile migomba na magimbi yetu ndiyo yaliyokuwa yakiuzuia moto kwa ubichi wake. Tulipoyaacha zikaota nyasi za kunifika kifuani, mimi mrefu hivi, zikikauka zinalia kama karatasi, zimeuzunguka msitu pande zote. Msitu ule haujui kuungua, ni wa maji, lakini ukiuvalisha koti la nyasi kavu, utafanyaje?

Mwaka huu nikasema nitachoma mimi. Nilichelewa, nyasi zilikuwa zimeshakauka, lakini mimi si ndiye niliyebeba mlango wa mninga mgongoni kutoka barabara kuu bila kuutua? Mrina asali akanijia mbele ya bibi jirani, akaniambia, "Kijana, wewe ni mmoja, hata ukijigamba kwa sauti kumi." Lile neno lilinichoma kabla ya moto. Tangu hapo sikumsalimia.

Asubuhi ile nilisimama pale pale alipokuwa akisimama baba, nikaita, "Nani yupo?" Bibi jirani akajibu, "Nipo, mjukuu wangu." Mumewe akajibu kutoka kitandani kwake ndani, kwa heshima tu, maana tawi angelishika vipi. Baada yake kimya. Nilisikia kile kimya, ndugu zangu, kilikwenda mpaka kijitoni, na mimi nikawasha.

Upepo haukuhitaji hata nusu saa. Msitu uliungua siku sita. Bibi jirani alikuwa nami kwenye moshi tukipiga matawi, alipogeuka paa lake lilikuwa limeshika, na mimi hii mikono niliiacha kwenye mlango wake. Babu, mumewe, sikumfikia.

Sasa andika hili kwa herufi kubwa, kaka. Askari walipokuja hapa kitandani kuniuliza nani kawasha, bibi jirani akiwa hajapata hata sauti ya kusema kwa ule moshi, na mpaka leo hajaipata, niliwajibu, "Muulizeni mrina asali, ndiye anayetembea na moshi kufukuza nyuki." Maneno kumi tu hivi. Wamemfunga wiki ya tatu sasa, kwa moto na kwa kifo cha babu, na yeye ndiye aliyenikataza. Nimejisifu kwa mengi maisha yangu yote. Hili moja nililolifanya kweli peke yangu, nikampa mwingine.

Muite nesi ashuhudie. Kidole gumba cha kulia kimebaki kizima, tazama, kama kilijua kina kazi. Nipakeni wino... pole pole... hapo. Kaka, karatasi hii usilale nayo, ipeleke kituoni leo hii na lori lako, umngoje mrina asali mpaka atoke, na usimwombe anisamehe, mwombe tu apande mbele akae vizuri.

Shamba langu mpeni yeye, na lenu pia kama hamrudi, apande migomba upande wote wa msitu. Bibi jirani akae kwako, dada, anapenda kusifiwa, msifu. Na yeyote atakayetaka kuchoma tena, aite kwanza, na sauti isipofika kijitoni, kiberiti kirudi mfukoni. Hiyo tu ndiyo mali yangu.

Mungu awape pumzi ndefu kuliko hii yangu... watoto wenu wakue wakijua kuitikana. Dada, usilie juu ya bandeji, chumvi inauma.

Nimechoka kidogo. Siwaoni vizuri, kuna moshi humu au ni mimi... Subirini, niite kama baba. Nani yupo?

Jibuni basi. Mmoja mmoja... mpaka mwisho.