Shangazi na Cheti Alichokifuta Mwenyewe

Leo, siku ya mwisho ya mwezi huu, Shangazi anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya kupima vifaa vya umeme kwa miaka thelathini na minne. Hapa kazini kila mtu anamwita hivyo, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa geti, wakiwemo wawili wanaomzidi umri.

Alianzia kwenye benchi la usalama, ambako kazi ni kukitesa kifaa kabla hakijamtesa mtu. Aliangusha pasi, akavuta nyaya, akachemsha majagi ya umeme bila maji mpaka yakaomba radhi. Mwenye kiwanda mmoja cha feni alitoka humu akilalamika kwamba alileta feni na kurudishiwa maiti. Shangazi alimjibu kwa upole kuwa heri ifie hapa kuliko ikaue mtu sebuleni kwake. Nyumbani nako hakupumzika. Mume wake anasema wakienda kutembelea ndugu, mkewe husalimia soketi kwanza, watu baadaye.

Kisha alihamia chumba cha mawimbi. Kwa faida ya wageni wetu, hicho ni chumba kilichofunikwa chuma pande zote na kubandikwa sponji nyeusi zenye ncha kwa ndani, ili mawimbi ya redio yasiingie wala yasitoke. Humo tunapima mambo mawili: kama kifaa kinasumbua vingine kwa mawimbi yake, na kama chenyewe kinavumilia mawimbi ya vingine. Simu haipati mtandao humo, na baadhi yetu, hatutajani leo, tumewahi kuingia kuzikwepa simu za nyumbani. Shangazi alitutoa mmoja mmoja.

Lakini hatutamtendea haki tukiishia kwenye vicheko. Lipo jambo ambalo yeye mwenyewe amesisitiza liandikwe, na ametuonya kwamba likiachwa, hatakuja kwenye sherehe.

Miaka mingi iliyopita alipima pampu ya kudondoshea wagonjwa dawa kwenye mshipa. Aliielekezea mawimbi ya redio kutoka mita tatu, kama kanuni ilivyotaka, na pampu haikutetereka. Akatia saini cheti, pampu zikasambazwa hospitalini. Mwaka uliofuata muuguzi mkuu wa hospitali moja alituletea pampu moja, imefungwa kwenye shuka. Alisema zinasimama zenyewe bila kupiga kengele, na aliyeziagiza anadai wauguzi hawajui kuzitumia. Wiki hiyohiyo fundi mwashi mmoja alikuwa amefariki wodini, na pampu yake ilikutwa imesimama. Daktari hakuweza kusema kwamba pampu ndiyo iliyosababisha, wala hakuweza kusema siyo.

Shangazi aliipima upya, ikafaulu upya. Mwingine angenawa mikono. Yeye alikwenda wodini, akaketi kwenye benchi la wageni na kutazama matone. Mlinzi wa wodi, mtu mcheshi aliyezoea kuinama kitandani kuwajulia hali wagonjwa, aliitwa na wenzake wa getini, akawajibu kwa redio yake ya mkononi hapohapo ubavuni mwa pampu. Matone yakakatika. Muuguzi aliiwasha pampu haraka, na Shangazi akamwomba mlinzi arudie kando ya pampu isiyo na mgonjwa. Nayo ikasimama. Mlinzi alipoelewa alianza kulia, akidhani ameua mtu. Shangazi alimshika mkono, akamwambia kosa si lake, kwani aliyetia saini cheti ni yeye Shangazi.

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu sote. Tulipima kwa umbali wa kitabuni, na wodini watu wanasogeleana.

Siku iliyofuata alikwenda na muuguzi mkuu nyumbani kwa mjane wa fundi, akaeleza yote bila kujitetea. Mjane hakumlaumu wala hakumwambia amemsamehe. Aliuliza jambo moja tu: pampu nyingine zimeshazimwa? Shangazi alimjibu kwamba bado.

Mkuu wetu wa wakati huo aliliona jambo kwa namna nyingine. Kanuni imefuatwa, sheria inatulinda, na tukifuta cheti chetu wenyewe nani atatuamini tena? Alipendekeza hospitali zibandike tangazo la kuwakataza walinzi kuingia na redio. Shangazi alisema karatasi ya ukutani haizuii mawimbi. Mpimaji aliyetia saini ndiye mwenye mamlaka ya kuiondoa, naye akaiondoa siku hiyohiyo, na pampu zikaanza kukusanywa. Alirudi kwa mjane kumpa jibu alilostahili.

Aliyalipia hayo. Kwa karibu mwaka mzima, wakati kamati ikijadili kama ameiaibisha maabara, bingwa wa mawimbi aliwekwa mapokezi kufungua maboksi. Wengi walipita mezani pake wakijifanya wana haraka. Inauma kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwishowe mtengenezaji aliongeza kinga ya chuma ndani ya pampu, kamati ikakiri kwamba Shangazi alikuwa sahihi, na akarudishwa chumbani kwake. Tangu hapo hakuna kifaa cha hospitali kinachotoka humu kabla ya kubandikiwa redio ya mkononi ubavuni na mtu kuongea kupitia redio hiyo. Wapimaji wote tulionao sasa ni wanafunzi wake, na ukali wake tunao.

Kuhusu zawadi, kamati ya sherehe inaomba radhi. Tulimnunulia jagi la umeme zuri sana. Alilipeleka benchini wiki iliyopita, likafeli. Atapewa kiti cha mbao, ambacho tumehakikisha hakina waya.

Mkuu yule aliyemweka mapokezi alistaafu kabla yake. Mwaka jana alilazwa, na kando ya kitanda chake ikawekwa pampu ya aina ileile. Anasimulia kwamba asubuhi moja mlinzi alisimama karibu naye akaanza kuongea kwenye redio. Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua, matone yalikuwa yakiendelea kudondoka, akalia mpaka muuguzi akaja kumuuliza kinachomuuma. Leo yupo safu ya mbele na fimbo yake. Ameomba yeye ndiye amsindikize Shangazi hadi getini, na Shangazi amekubali.

Asante, Shangazi. Tunakutakia maisha mema, wewe na mumeo, mzee wetu wa nyumbani. Wapo watu wanaoishi maisha yao leo kwa sababu yako, na hawatajua kamwe.